Seva imejaa: maswali yenu kuhusu kubadili diski na kuhamisha data

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wenye seva moja ofisini, iliyonunuliwa miaka mingi nyuma, na sasa kila asubuhi inatoa onyo kuwa nafasi inakwisha. Karibu wote wanauliza wanunue diski gani. Mimi naomba mtangulize swali jingine: kazi ikiharibika saa 8 usiku, mtarudije pale mlipokuwa jioni? Mwenye jibu la hilo anaweza kubadili diski za aina yoyote akalala usingizi.

Kariakoo: Tuna duka la jumla. Seva ina diski 4 za terabaiti (TB) 2 kwenye RAID 5, yaani zimeunganishwa zifanye kazi kama moja, na nafasi imebaki kidogo mno. Fundi anashauri tuchomoe moja moja na kuweka za TB 8, bila kuzima seva. Ni salama?

Inawezekana, ila kwenye seva yenye mauzo yangu nisingethubutu. RAID 5 inavumilia kufa kwa diski moja tu. Ukichomoa moja kwa hiari yako, uvumilivu wote umeshautumia. Zile tatu zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho ili diski mpya ijazwe, na mojawapo ikigoma hapo, data yote iko hatarini. Zoezi hilo mtalirudia mara nne. Tena diski hizo yaelekea zilinunuliwa siku moja, zikafanya kazi saa zilezile katika joto lilelile la Dar es Salaam. Moja ikianza kuchoka, wenzake hawako mbali. Seva ikiwa imetulia, kujaza TB 2 huchukua kama saa 4. Watu wakiendelea kuuza, muda huo hurefuka sana.

Njia ninayoipenda ni kuziacha diski za zamani zilivyo. Kama seva ina nafasi tupu za diski, jengeni kundi jipya pembeni. Kama haina, tafuteni mashine nyingine ya kuhifadhia, hata ya kuazima. Hamisheni data, mhakiki, ndipo mwelekeze watumiaji kwenye kundi jipya. Likitokea la kutokea, lile la zamani bado lipo, zima, halijaguswa.

Diski 4 za TB 8 zitawapa TB 16, iwe RAID 6 au RAID 10. RAID 6 inavumilia kufa kwa diski zozote mbili. RAID 10 ni nyepesi kwenye kuandika na hujijenga upya haraka, lakini diski zake ziko kwa jozi, na zikifa mbili za jozi moja, basi, data imepotea. Kwa programu ya mauzo inayoandika mchana kutwa ningechukua RAID 10.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni nakala rudufu ipo. RAID haihesabiki kuwa nakala: mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote papo hapo. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambayo kila asubuhi ilipata ripoti ya nakala yenye alama ya kijani. Tulipojaribu kurudisha, folda ya kanzidata, yaani ghala la data ya programu, haikuwemo. Ilikuwa imehamishiwa diski nyingine miezi kadhaa nyuma na hakuna aliyekumbuka kubadilisha mpangilio wa nakala. Tangu siku ile siondoi diski yoyote kabla sijairudisha nakala kwenye kompyuta nyingine, nikafungua programu na kuiona ankara ya jana kwa macho yangu.

Mhasibu, Morogoro: Tumenunua diski ya TB 4, lakini Windows inaonyesha 3.63. Tumepunjwa?

Hapana. Mtengenezaji anahesabu terabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawanya kwa 1,099,511,627,776, halafu bado inaandika TB. Diski ni ileile. Kwenye bajeti yenu tumieni hesabu ndogo, na msipange kuijaza zaidi ya asilimia 80.

Kituo cha afya, Mombasa: Tuna TB 2 za picha za eksirei na faili za wagonjwa. Mfumo tunaweza kuufunga usiku mmoja tu, wa Jumamosi. Utatosha?

Utatosha, mradi kazi kubwa iwe imekwisha kabla ya Jumamosi yenyewe.

Mtandao wa gigabiti moja ukiwa mzima hupitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo TB 2 ni saa 5. Hiyo ni kwa mafaili makubwa. Mafaili madogo kwa mamia ya maelfu huenda polepole zaidi, kwa sababu kila moja lina kufunguliwa kwake na kufungwa kwake. Kagueni na swichi ya mtandao. Ikiwa ni ya megabiti 100, au waya mmoja ndani ya kebo umekatika na mashine zikajishusha zenyewe hadi kasi hiyo, saa 5 zinakuwa 50. Kwa hiyo pimeni. Chukueni folda halisi ya GB 50, muihamishe mchana mkiwa na saa mkononi, mzidishe muda huo mara 40. Hesabu hiyo ndiyo ya kwenu, iaminini kuliko zangu.

Kisha hamisheni kwa awamu mbili. Ya kwanza ianze Jumatano huku kazi zinaendelea, ichukue muda wake. Ya pili ifanyike Jumamosi usiku watu wakiwa wametoka kwenye mfumo, nayo itabeba tu kilichobadilika, pengine kwa chini ya saa moja. Kwenye Windows ipo programu ya kunakili iitwayo robocopy, kwenye Linux ipo rsync, na zote zinajua kuruka faili ambalo limeshafika. Msisahau ruhusa za mafaili: kwa robocopy wekeni /COPYALL, kwa rsync -aHAX. Bila hizo, Jumatatu daktari atakuta hawezi kufungua faili la mgonjwa wake, au mtu asiyehusika ataweza kulifungua, na hilo la pili ni baya zaidi.

Kuna jambo moja naomba mlibandike ukutani. Amri ya /MIR ya robocopy hulazimisha upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, ikiwa ni pamoja na kufuta. Ukikosea ukaanza na diski mpya iliyo tupu, itakwenda kufuta picha zote za zamani ili pande zilingane. Tangulizeni /L kila mara, inayoorodhesha itakachofanya bila kugusa kitu. Kwa rsync ni -n. Anayeandika amri awe na mwenzake wa kuisoma kwa sauti kabla hajabonyeza.

Andikeni pia saa ya kurudi nyuma. Kwa mfano, ikifika saa 9 usiku na uhakiki haujakamilika, mnawasha mfumo wa zamani na kupanga usiku mwingine, bila ubishi. Uamuzi huo uchukueni mchana, vichwa vikiwa vimepumzika, kwa sababu saa 9 usiku kila fundi huona imebaki nusu saa tu. Kitengo cha dharura kiwe na fomu za karatasi zilizochapwa mapema. Mkishahamia, folda ya zamani iwe ya kusoma tu. Mkiiacha wazi, kompyuta mojawapo itaendelea kuandika kule na mtakuwa na kumbukumbu za mgonjwa mmoja mahali pawili.

SACCOS, Arusha: Tulinakili folda ya MySQL (programu yetu ya kanzidata) kwenda diski mpya huku wahudumu wakiendelea na kazi. Sasa kanzidata haifunguki upande mpya.

Pole sana, ndugu yangu, ila tulia, kwa kuwa ya zamani bado inafanya kazi. Usiiguse. Kanzidata inayofanya kazi ina sehemu iliyo kwenye diski na sehemu ambayo bado iko kwenye kumbukumbu ya muda. Ulichukua faili moja saa 4 kamili na jingine saa 4 na robo, na katikati wanachama waliweka fedha. Mafaili hayo hayakubaliani.

Una njia mbili. Simamisha huduma ya MySQL kabisa jioni, kisha unakili folda yote. Au tumia mysqldump yenye --single-transaction, ambayo kwa majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida ya MySQL) huchukua sura moja ya wakati mmoja bila kusimamisha kazi. Ukitumia hii ya pili, kumbuka kuwa miamala inayoingia baada ya sura hiyo haimo, hivyo safari ya mwisho ya kuhama ifanyike kaunta zikiwa zimefungwa.

Kufunguka tu kusikuridhishe. Linganisha idadi ya wanachama, jumla ya akiba, jumla ya mikopo na muamala wa mwisho, pande zote mbili. Mhasibu atoe urari kutoka seva ya zamani na kutoka mpya, aweke saini. Ikipishana shilingi moja, hamjahama.

Nairobi: Tununue SSD (diski zisizo na sehemu inayozunguka) au diski za kuzunguka?

Kanzidata na mfumo wenyewe viwekeni kwenye SSD za daraja la seva, zenye kinga ya umeme kukatika ghafla, maana zile za kompyuta za kawaida zinaweza kupoteza kilichokuwa njiani kuandikwa. Kamera za usalama na kumbukumbu za zamani zinatosha kwenye diski za kuzunguka. Muulizeni muuzaji kama ni za SMR, yaani zile ambazo njia za data zimepandana kidogo kama vigae. Kama ndizo, msiziweke kwenye RAID, zinachelewa mno kujijenga upya. Na UPS mpya ya seva (betri ya kushikilia umeme ukikatika) iingie kwenye bajeti hiyohiyo.

Dodoma: Tumeshahamia diski mpya. Za zamani tuziuze?

Zina majina, simu na mishahara ya watu. Kufomati kwa haraka hakufuti data, kunaondoa tu orodha, na programu za bure zinaweza kurudisha mafaili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwenye wajibu ni ninyi mliokusanya taarifa, hata diski ikiwa imeshafika kwa fundi wa mtaani. Diski ya kuzunguka iandikwe sifuri yote nzima mara moja. SSD itumie amri yake yenyewe ya kujifuta, kwa kuwa ina sehemu za akiba ambazo kuandika juu hakuzifikii. Iliyokufa haifutiki, itobolewe.

Lakini si wiki hii. Subirini mpaka mfunge hesabu za mwezi kwenye diski mpya na nakala yake mmeijaribu. Kwa sasa zitoeni kwa utaratibu, kila moja iandikwe kwa kalamu ya wino mzito namba ya tundu ilimokaa, jina la seva na tarehe, zifungiwe kabatini zote pamoja.