Maswali ya Wasomaji: Kutoka Madhabahuni hadi Darasa la Sheria

SWALI: Assalaam aleikum, Mzee. Nasomesha madrasa hapa Langoni, Lamu, na nataka kusomea sheria. Mjomba ashikilia kuwa mtu wa dini hana kazi mahakamani. Rafiki yangu naye anitajia Francis Wharton, kasisi wa Marekani aliyeingia katika ualimu wa sheria. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Rafiki yako kashika mkia wa hadithi. Wharton, mzaliwa wa Philadelphia mwaka 1820, alianza na uwakili. Mwaka 1846, hata miaka thelathini hajatimiza, alikuwa ameshatoa kitabu kikubwa cha sheria ya jinai. Ukasisi wa Kiepiskopali aliupata mwaka 1862, akiwa mwalimu katika chuo cha Kenyon, Ohio. Akapewa kanisa Brookline, kisha akarudia sheria: akasomesha Chuo Kikuu cha Boston, na mwaka 1885 akawa mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, hadi kufa kwake mwaka 1889.

Mimi niliyekula ukarani wa mahakama navutiwa zaidi na kanuni yake ya njama. Watu watatu wakipatana kuiba punda wa jirani, wana makosa mawili, wizi na kula njama, maana punda huibwa hata na mtu mmoja. Kule kupatana ni ubaya wa ziada. Lakini kuna makosa yasiyotendeka ila kwa wawili. Zinaa, kwa mfano. Hapo, alisema Wharton, usiwaongezee wawili hao shtaka la njama, kwani kupatana ndilo kosa lenyewe. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa bado yaichambua kanuni hiyo, katika kesi ya kamari. Wakati huo marehemu alikuwa na miaka themanini na zaidi kaburini!

Mjomba mheshimu, ila mkumbushe kwamba Kadhi ametajwa katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, na kesi zake za ndoa, talaka na mirathi mjomba azijua vizuri. Ukitaka uwakili, njia ni shahada ya sheria, halafu Kenya School of Law pamoja na miezi sita chini ya wakili. Madrasa itafutie msaidizi mapema. Vitabu vya sheria ni vizito, na watoto wa Langoni hawangoji mtu amalize ukurasa.