Ameshindwa kupuliza kwa sababu ya pumu

Dada, pole sana. Umesema mwanao aliye London alikamatwa akiendesha gari, akashindwa kupuliza kipimo cha pombe kituoni kwa sababu ya pumu, na sasa ameshtakiwa. Tafadhali asikiri kosa kwa haraka! Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inamwadhibu anayeshindwa kutoa kipimo bila sababu ya msingi, na ugonjwa unaomzuia kupuliza ni sababu inayokubalika. Akipatikana na hatia, kwa kawaida atanyang'anywa leseni kwa miezi 12 au zaidi.

Je, aliwaambia polisi palepale? Aliwaonyesha inhela? Wakijua ana tatizo la kiafya wanaweza kudai damu au mkojo badala yake, kwa hiyo wakili aombe video na kumbukumbu za kituo. Daktari naye ampime mapafu, aandike wazi kwamba hawezi kusukuma pumzi ya kutosha. Barua ya kusema "ana pumu" haitoshi, maana wengi wenye pumu hupuliza bila shida.

Wewe hapo Malindi tafuta kadi zake za kliniki za utotoni, hata zilizofifia wino, uzipige picha umtumie leo.