Uvimbe uko tumboni, mbona wanatoboa nyonga?

Dada wa Igoma, pole sana. Umeuliza kwa nini uvimbe wa mwanao uko juu ya figo, halafu daktari anataka kutoboa nyonga, tena pande zote mbili. Nami niliuliza hivyo hivyo pale hospitali ya Bugando, mwanangu akiwa na nyuroblastoma, saratani ya watoto inayoanzia kwenye seli changa za neva.

Nilivyoeleweshwa, seli za saratani hii husafiri kwa damu na mara nyingi hutua kwenye uboho wa mifupa, ule ute wa ndani unakotengenezwa damu. Zikishatua hazikai kinyonge. Seli wenyeji wa pale, ambazo kazi yao ni kulea damu changa, hurubuniwa zikaanza kutoa kemikali zinazowalisha wageni na hata kuwakinga na dawa. Ni kama magugumaji yaliyopata ghuba tulivu. Damu nayo hukosa nafasi, ndiyo maana mtoto anapauka na fizi zinatoka damu. Basi hutoboa mfupa wa nyonga ili kuchukua uboho na kutafuta seli hizo za saratani. Na kwa kuwa zinaweza kujificha upande mmoja tu, hutoboa kote kuwili.

Usikatae kipimo. Uliza tu atapewa dawa gani ya maumivu au usingizi.

Kubwa zaidi ni homa. Akifika nyuzi 38 wakati wa kemo, yaani matibabu ya dawa za saratani, usiishie duka la dawa kununua mseto wa malaria. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Mimi nilisubiri kukuche, alilazwa siku tisa. Nunua kipimajoto leo.

Mitishamba ya bibi? Mwambie daktari kwanza, mingine hugongana na kemo.