Vinasaba vya uhalifu ni vya nani?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma kwamba Serikali ya Marekani hutoa fedha kwa ajili ya utafiti wa "vinasaba vya uhalifu". Je, fedha hizo ziitwe msaada, ufadhili au ruzuku? Msomaji, Ngamiani, Tanga.

Jibu: Marahaba. La fedha ni jepesi. Serikali inapokipa chuo au maabara fedha zisizorudishwa, kwa kazi iliyotajwa, hiyo ni ruzuku, neno lililotoka Kiarabuni pamoja na nduguye riziki. Ufadhili nao haudhuru. Msaada tuwaachie waliofikwa na mafuriko.

Kinachonikera ni yale maneno mawili uliyoyafungia ndani ya alama za kunukuu, nami naomba yasifunguliwe. Vinasaba, ambavyo Waingereza huviita DNA, limetokana na nasaba, yaani ukoo. Basi anayeandika "vinasaba vya uhalifu" anatuambia kwamba uko ukoo wa uhalifu, na kwamba wizi hurithiwa kama pua ya babu. Tuseme mwizi ameingia usiku katika nyumba moja ya Chumbageni, akakuta chai ya tangawizi imebaki birikani, akajimiminia kikombe, akanywa taratibu, kisha akaenda zake na redio. Polisi wakikichukua kikombe kile watapata mate ya mwizi, lakini huenda wakapata pia ya bibi mwenye nyumba aliyekinywea jioni, na ya mjukuu wake aliyelamba sukari iliyoganda chini. Je, bibi naye ana vinasaba vya uhalifu? Na mjukuu? Na kikombe, kilichoibiwa chai yake, tukiite kikombe cha uhalifu? Isitoshe, vile vipande vya vinasaba vinavyolinganishwa maabara, ambavyo Marekani iliviongeza kutoka 13 hadi 20 mwaka 2017, vilichaguliwa kwa kuwa hutofautisha mtu na mtu; juu ya tabia ya mtu havisemi neno.

Tena katika ruzuku hizo za Marekani imo moja, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2004 ili kugharimia upimaji wa vinasaba katika kesi zilizokwisha kuhukumiwa, inayoitwa kwa jina la Kirk Bloodsworth. Huyu alihukumiwa kifo Maryland mwaka 1985, akaachiwa mwaka 1993 baada ya vinasaba kuonyesha kwamba siye. Vilivyomtoa gerezani navyo tuviite vya uhalifu?

Sheria yetu ya mwaka 2009 ilijizuia vizuri: Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, basi. Andika "utafiti wa vinasaba katika upelelezi wa jinai", hata kama ni refu. Wenye maabara wana "sayansi jinai", ambalo hunikwaruza sikio kwa kukosa "ya" katikati, lakini limekwisha kuota mizizi, nami sina tena mgongo wa kuling'oa. Lile jingine bado bichi, na jembe ninalo.