Asilimia 27 ya mafuta kwa binti anayecheza ngoma: namba hiyo imetoka wapi?

Mama mwenzangu, umeuliza kama ile asilimia 27 aliyopimwa binti yako wa miaka 16 kwenye kikundi cha ngoma ni ya kuaminika, na kama kweli inabidi ashuke hadi 18. Mwishoni ukadokeza kwamba hajaona siku zake miezi minne sasa. Nianze na mizani iliyotoa namba hiyo, hilo la mwisho nitalirudia.

Nimecheza miaka tisa, sindimba na mdundiko zaidi, na sasa nafundisha. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa na mizani kama hiyo ya kukanyaga peku. Kila Ijumaa tulipanga foleni, namba ikasomwa kwa sauti, na wapiga ngoma wote wanasikia.

Mizani ile haioni mafuta. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka unyayo mmoja hadi wa pili na kupima unavyozuiliwa njiani. Maji yanapitisha umeme, mafuta yanauzuia, kwa hiyo inakadiria maji, halafu inachukulia kwamba mwili, ukiacha mafuta, ni maji kama asilimia 73. Tena umeme unapanda mguu huu na kushukia ule. Mikono na kifua ni makisio tu. Mtoto aliyetoka jasho kwa muda wa saa mbili utampima nini hapo? Mimi niliwahi kupata 21 asubuhi na 24 jioni ya siku hiyohiyo. Kwa kilo zangu 52, hiyo ni zaidi ya kilo moja na nusu ya mafuta, eti imeingia mchana mmoja.

Lakini niliiamini. Nikaacha wali usiku, kisha na mchana. Siku zangu zikakata, nami nikaona nafuu kwa sababu ya safari za maonyesho. Baadaye muundi ukaanza kuuma sehemu moja tu, ukiigusa kwa kidole naruka. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia alikuwa na kifaa kama koleo, chenye uso wa namba na mshale kama saa ndogo. Alitia alama ya kalamu nyuma ya mkono, katikati ya bega na kiwiko, akavuta ngozi kwa vidole viwili, akabana, akahesabu sekunde mbili, akasoma. Sehemu nane, kila moja mara mbili, mlango umefungwa. Hakunipa asilimia. Alijumlisha milimita akaziandika, ili baada ya miezi mitatu anipime yeye mwenyewe tena. Kanuni za kugeuza milimita kuwa asilimia zimetoka kwa watu wengine kabisa. Ile ya watafiti Durnin na Womersley ya mwaka 1974 ilitokana na watu 481 waliopimwa Glasgow.

Kwa hiyo mwalimu akitaka kupima, apime hivyo, faraghani, na asimwekee mtoto anayekua lengo la asilimia.

Sasa hiyo miezi minne. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu wanamichezo wanaokula pungufu ya nguvu wanazotumia: hedhi inasimama, mifupa inadhoofika, hata kama uzito unaonekana wa kawaida. Inaweza kuwa sababu nyingine pia, ujauzito ukiwemo, na daktari ataanzia huko; usimgombeze. Mpeleke wiki hii, kabla hata hujaongea na mwalimu, na usiku wa leo ale ashibe.