Fanren Xiuxian Zhuan: isome, ila kwa masharti

Mkuu, umeuliza kama Fanren Xiuxian Zhuan, riwaya ya mtandaoni ya Kichina ya Wang Yu kuhusu mtu wa kawaida anayesaka kutokufa, inastahili muda wako, maana sura zinapita 2,000. Inastahili. Utamu wake uko kwenye hesabu: mhusika mkuu, Han Li, ana kipaji duni cha kukuza nguvu za kiroho, hivyo kila hatua anailipia. Kichupa chake hutoa tone la kijani linalokomaza mitishamba haraka, lakini bado atafute mbegu, kanuni ya kutengeneza vidonge vya kuongeza nguvu hizo, na pa kujificha. Akizidiwa anatimua mbio, hajifanyi shujaa. Udhaifu? Mnada, pango la siri, hazina, kufukuzwa. Halafu mnada tena! Akishapanda ulimwengu wa juu, wengi uliowazoea wanaachwa nyuma. Wanawake nao wamechorwa kijuujuu mno. Sehemu ya Tabibu Mo, mwalimu wa Han Li mwanzoni kabisa, usiiharakishe. Minada unaweza kuipitia juu juu.