Kiwengwa, Dar au nirudi Wete? Jibu kwa mhasibu aliyemaliza chuo

SWALI

Assalaamu alaykum Bi. Mimi ni binti wa Wete, mkubwa kati ya ndugu watano. Nimemaliza shahada ya uhasibu Unguja, na nilisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Sasa nina nafasi tatu. Hoteli moja ya Kiwengwa inanitaka idara ya hesabu kwa mshahara wa msingi wa shilingi 550,000, pamoja na chakula na dahalia ya wafanyakazi. Kampuni ya ukaguzi wa hesabu Dar es Salaam inatoa 800,000, malazi juu yangu. Na SACCOS moja hapa Wete iko tayari kunilipa 350,000, nikae nyumbani. Baba anapenda nirudi Pemba. Mama anasema niende penye mshahara mkubwa. Khalati yangu anaishi Temeke. Naomba unielekeze namna ya kupima, maana kila ninayemuuliza ananijibu kwa anavyopenda yeye.

Msomaji, Wete

JIBU

Waalaykumu salaam mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Kazi yangu ni rasilimali watu, nimeifanya Unguja na Dar, na barua za ajira za vijana wa umri wako nimezisoma nyingi. Kwa hiyo nitaanza na barua zako, mji utafuata.

Wewe ni mhasibu, basi tufanye hesabu. Namba tatu ulizonitajia bado hazilinganishwi, kwa sababu hakuna hata moja itakayokufikia mkononi kama ilivyo.

Chukua ya Dar. Kwenye 800,000, mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, ni asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kukatwa kodi. Kwa viwango vya Bara, 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20. Kodi yako inakuwa 20,000 na 40,000, jumla 60,000. Halafu HESLB, na hapa ndipo vijana wengi hushtuka mwezi wa kwanza: makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani kabla ya kodi na kabla ya mfuko. Kwako ni 120,000. Mshahara wa laki nane umeshakuwa 540,000, na bado hujanunua hata maji ya kunywa.

Sasa maisha. Tuseme chumba ni 120,000, chakula 180,000, daladala 60,000, umeme na simu 50,000. Unabakiwa na 130,000. Na chumba cha Dar mara nyingi hukodishwa kwa malipo ya miezi kadhaa mbele. Mwenye nyumba akitaka miezi 6, ni 720,000 zinazotakiwa kabla ya mshahara wa kwanza kuingia. Ukikaa kwa khalati ukachangia nyumba 150,000 kwa mwezi badala ya chumba na chakula, hesabu inabadilika kabisa: unabakiwa na 280,000, na huna deni la kuanzia. Kwa hiyo swali la Temeke ni kubwa kuliko ulivyoliandika. Mzungumze na khalati wako waziwazi kuhusu mchango, saa za kurudi na muda utakaokaa, kabla hujapanda boti. Undugu hauharibiki kwa kuulizana mapema.

Kiwengwa, HESLB itachukua 82,500. Ukitoa na mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na kodi, bado utakuwa na zaidi ya laki tatu na nusu, na kulala na kula umeshamaliza. Wete, HESLB ni 52,500, na ukitoa makato mengine unabakiwa na laki mbili na nusu na kitu. Ila usiiandike hiyo yote kama akiba. Mtoto mkubwa mwenye mshahara akikaa nyumbani, gesi ikiisha anaulizwa yeye, na sare za skuli za wadogo ni zake. Hilo ni jema na lina thawabu, lakini liweke kwenye hesabu kwa kiasi mlichokubaliana, lisikuvamie kila wiki.

Unaona basi kwamba kwa fedha tupu hoteli ndiyo inayoongoza, na kampuni yenye mshahara mkubwa kuliko zote inashika nafasi ya pili, hiyo ni kama khalati atakupokea. Mama yako ana haki ya kusema uende penye fedha, ila fedha zenyewe haziko pale anapodhani.

Hata hivyo, kwa mtu anayeanza, mimi siweki fedha mbele. Naweka swali hili: nani atapitia kazi yako? Miaka miwili ya mwanzo ndiyo inayokutengeneza, na mhasibu hutengenezwa na mtu anayemrudishia karatasi na kumwonesha alipokosea. Shahada imekufundisha kanuni. Haijakufundisha kukaa na mteja ambaye stakabadhi zake ziko kwenye mfuko wa plastiki, wala kugundua kwamba mizania inafunga vizuri lakini stoo ni tupu.

Kwa kipimo hicho, kampuni ya ukaguzi ina faida kubwa. Ndani ya mwaka mmoja utaingia kwenye vitabu vya kiwanda, vya hospitali, vya duka la jumla, kila mara chini ya mkubwa anayesaini nyuma yako. Kama unaikusudia CPA, sifa ya juu ya taaluma ya uhasibu, uzoefu wa vitendo chini ya msimamizi ni sehemu ya safari hiyo. Ila jua na uzito wake. Kampuni nyingi hufunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba, na ritani ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi 6, kwa hiyo kuanzia Januari hadi Juni wakaguzi hawapumui. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa CPA, hufanyika Mei na Novemba. Ukiwa mkaguzi, panga Novemba. Waliojaribu Mei huku wakizunguka kwa wateja wanajua wanavyofika chumba cha mtihani.

Hoteli nayo si ya kudharauliwa, na inanisikitisha vijana wetu wanavyoichukulia kama kazi ya kupitishia muda. Hesabu za hoteli ni ngumu kwelikweli: mapato kwa dola na kwa shilingi, wakala wa utalii anayelipa baada ya mgeni kuondoka, udhibiti wa gharama za jikoni na baa, kodi za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na za TRA, ile ya Tanzania, kwa pamoja. Mhasibu aliyeiva hotelini hatafuti kazi kuanzia Nungwi hadi Jambiani, kazi inamtafuta. Lakini uliza mambo mawili. La kwanza, kuna mkuu wa hesabu anayekaa hapo hapo, au hesabu zinafungwa ofisi nyingine na wewe utabaki kuingiza ankara tu? La pili, masika mnafanyaje? Aprili na Mei wageni hupungua sana, na hoteli nyingine hufunga kabisa au hupeleka wafanyakazi likizo bila malipo. Mkataba wa mwaka mzima na mkataba wa msimu si kitu kimoja, hata mshahara wa mwezi ukilingana. Mkataba wako ukiwa wa mwaka mzima, masika inakufaa, kwani ndiyo nafasi ya kusoma na mtihani wa Mei uko hapo hapo. Zaidi ya hayo, Kiwengwa ni zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, kwa hiyo darasa la jioni Vuga au Mlandege usilihesabu.

Kuhusu Wete nitasema kwa kifupi, maana unapajua kuliko mimi. SACCOS ndogo itakupa madaraka haraka: vocha, benki, mizania, ripoti ya mkutano mkuu, vyote vyako. Na kazi ina maana, kwa sababu msimu wa karafuu fedha nyingi hupita Pemba kwa muda mfupi, na wanachama wanahitaji mtu atakayewaandikia kwa uaminifu. Hofu yangu ni moja tu, kwamba ukikosea mwaka wa kwanza hakutakuwa na wa kukuona hadi mkaguzi wa nje aje. Kama SACCOS hiyo ina mhasibu mzoefu atakayekaa nawe, hofu hiyo inaondoka na mshahara mdogo unavumilika.

Sasa sheria, maana ukivuka bahari unabadilisha na sheria ya kazi. Ajira si jambo la Muungano. Kiwengwa na Wete utalindwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Na. 11 ya 2005. Dar utakuwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kwa hiyo asikwambie mtu "likizo yetu iko hivi" akadhani ndivyo ilivyo pande zote.

Katika sheria hiyo ya Bara kuna mambo matatu ya kuyashika. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, hivyo nusu mwaka wa kwanza usijifunge kwa mkopo wala kwa pango refu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na Jumamosi na Jumapili zimo ndani yake. Ukitoa safari ya boti Dar hadi Unguja, kisha Unguja hadi Pemba, kwenda na kurudi, hesabu siku zako za nyumbani kwa uangalifu, na omba mapema ziangukie Idi. La tatu halijulikani sana: ajira ikikoma mahali pengine tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na mizigo yako kurudi mahali ulipoajiriwa, au kulipia usafiri huo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku za kusubiri. Kila kitu kinategemea mkataba unataja wapi. Ukiandikiwa "mahali pa kuajiriwa: Dar es Salaam" kwa sababu ulisaini ukiwa Temeke, haki hiyo itakuwa ngumu kuidai. Omba iandikwe Wete, Pemba, na omba kabla ya kusaini. Mwajiri mstaarabu hakasiriki.

Mifuko pia ni miwili. Bara sekta binafsi ni NSSF, Zanzibar ni ZSSF. Ukihama usidhani michango itahama nyuma yako yenyewe. Tunza namba ya uanachama na kila hati ya mshahara, na mara moja kwa mwaka hakikisha mwajiri anapeleka kweli alichokukata.

Najua pia kwamba baba anaposema urudi Pemba, huenda moyoni ana ajira ya Serikali. Kwenda Dar hakukufungii mlango huo. Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi kiwe hai, fuatilia matangazo ya Serikali ya Mapinduzi kama utakavyofuatilia ya Bara, na kumbuka taasisi za Muungano zina mgao wa asilimia 21 ya ajira kwa Wazanzibari. Mtu mwenye miaka miwili ya ukaguzi huingia kwenye usaili akiwa na cha kusema. Ila kukaa nyumbani bila kazi ukisubiri tangazo, hapana. Hilo silikubali kwa mhasibu wala kwa mwingine yeyote.

Uliomba namna ya kupima, lakini naona unataka na rai yangu, nami sitakuficha. Khalati akikupokea, na kampuni ikakuandikia jina au cheo cha mtu atakayekusimamia, nenda Dar kwa miaka miwili. Weka tarehe ya mwisho wa miaka hiyo tangu leo, uketi siku hiyo na hesabu mpya, uamue tena, na Pemba iwemo kwenye uamuzi huo. Bila khalati, nachagua Kiwengwa kabla ya Dar, ilimradi mkataba ni wa mwaka mzima na mkuu wa hesabu yupo hotelini. Na kama nyumbani kuna mgonjwa au jambo hukuliandika, basi Wete ndiyo kwanza, na hesabu zote hizi zikae pembeni.

Wiki hii andikia kampuni barua fupi ya maswali matatu: nani msimamizi wangu, je mnatoa ruhusa ya mitihani ya Novemba, na mnaweza kuandika Wete kama mahali pa kuajiriwa. Majibu yakija kwa maandishi, kaa na baba na mama kwa pamoja baada ya Isha, uwaoneshe na karatasi ya hesabu, kila mmoja asikie ya mwenzake mbele yako. Kampuni ikijibu kwa simu tu na kukataa kuandika, ipigie hoteli.